Mashine ya Presha ya Zahanati Yetu

Fyuu, fyuu, fyuu. Hadi leo nesi akibinya kile kipira cha mashine ya presha, mkono wangu unakakamaa. Naambiwa nilegeze. Silegezi, na ngoja niwaambie kwa nini.

Kijijini kwetu, mlimani juu ya Mlali, televisheni ilikuwa moja tu, kwa Mama Zuhura, ikitumia betri ya gari. Ukitaka kutazama, uchambue mchele wake kwanza. Tamthilia yenyewe ya Kizungu, ya madaktari wanaokimbia na vitanda. Mama Zuhura, aliyewahi kufagia wodi huko mjini Morogoro, ndiye aliyetutafsiria, huku vidole vikitafuta chuya kwenye ungo. Dripu. Ganzi. Kifafa cha mimba. Shule niliishia la nne, lakini hayo sijayasahau.

Basi mama alipokuwa mjamzito akavimba miguu, kichwa kinamgonga, anaona vimulimuli mchana kweupe, mimi nilijua. Yule mama wa kwenye televisheni alianza hivyohivyo, na wao walikimbilia kumpima presha.

Kwenye zahanati ya kijiji alikuwepo Tabibu Mbwana. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia, "Mpime mama presha. Kifafa cha mimba kinakuja."

Akanitazama kidogo. "Udaktari umesomea wapi, mwanangu?"

"Kwa Mama Zuhura."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama naye alicheka, huku amekishika kichwa chake. Mbwana akampa vidonge vya maumivu, akasema turudi Jumatatu. Jumamosi degedege likamkamata. Wanaume walimteremsha kwa machela, lakini barabara ya Mlali hakuiona. Yeye na mtoto tumboni.

Matanga hayajaanuliwa, bibi akanituma dawa ya kichwa kwenye duka la dawa la Mbwana, lake mwenyewe, pale sokoni. Nikamkuta anampima presha muuza vitunguu. Fyuu, fyuu. Ubavuni mwa mashine kumeandikwa ZAHANATI kwa rangi nyekundu. Nilidhani madaktari huazimana. Akanipa dawa, akanipa na pole.

Miaka mingi niliamini nilikosea kusema, ndiyo maana nikachekwa. Utu uzima ndio ulionifumbua macho. Mbwana alinisikia kuliko wote waliokuwepo. Aliwachekesha watu makusudi, ili asipatikane hata mmoja wa kumuuliza mashine iko wapi.