Mawe Mabovu ya Lufingo

Shamsia alipohamia kijiji cha ujamaa huko Lufingo, wengi walimpa mwezi mmoja tu. Mjane wa fundi redio wa sokoni Tukuyu, mtoto wa watu wa pwani, jembe atalishikia wapi? Shamba hakupewa. Alipewa redio ya darasa la watu wazima aitunze, na wenye maneno wakasema akichoka atarudi kwao sokoni. Hawakumjua. Kile kipande cha ardhi alikitaka kwa moyo wote, na kung'ang'ania alikuwa hodari.

Kilichomkera ni mawe, yaani betri za redio na tochi, maana enzi hizo ndivyo tulivyoziita. Yakiisha nguvu watu waliyatupa korongoni, juu ya chemchemi. Mengine yalisogezwa motoni ati yapate uhai, na moja lilimpasukia jirani yake Tusekile likamuunguza mkono. Watoto ndio usiseme, waliyanyonya.

Shamsia akasimama mkutanoni. "Ndugu mwenyekiti, Jumamosi kila nyumba ilete mawe yake mabovu tuyaweke mbali na maji."

Balozi wa nyumba kumi akawatafsiria wazee kwa Kinyakyusa: mlete amabwe mabovu, na amabwe kwa wazee ni mawe ya mlimani tu. Basi Jumamosi mzee Anyelwisye, asiye na redio wala tochi, akafika jasho likimtiririka, jiwe la mlimani kichwani. Akalitua, puu!

"Bovu hasa hili, mama. Ukiligusa linamomonyoka."

Nyuma yake wazee wengine walikuja wakihema, kila mmoja na jiwe lake. Wenye redio wakacheka hadi wakakaa chini. Waliobeba wakawaka. "Anatuchezea huyu! Arudi sokoni!"

Shamsia alihisi shamba linamponyoka mkononi. Akainama, akalikumbatia jiwe la mzee, akalipeleka kwenye kilima kilicho mbali na chemchemi.

"Hili ni la msingi," akasema. "Mawe ya redio nayo yanataka nyumba."

Mzee Anyelwisye akamtazama, kisha akaangua kicheko. Kufikia jioni kibanda cha mawe kilikuwa kimesimama, sakafu imeinuliwa, paa la nyasi halipitishi tone. Wenye redio nao wakayaleta ya kwao kwa vikapu. Yaliyovuja Shamsia aliyashika kwa majani ya mgomba, akayatia chungu cha peke yake. Yale makavu aliyafungua mwenyewe, kitambaa puani, akatoa unga mweusi wa kupaka ubao wa darasa uliokuwa umepauka. Ukang'aa! Watu wa kijiji jirani cha Kinyala wakaja kutazama, wakaenda kujenga chao, nasi Lufingo tukatembea vichwa juu.

Siku ya kugawa mashamba, mmoja akauliza kama mgeni naye ahesabiwe. Mzee Anyelwisye akainuka taratibu.

"Mtu aliyenibebesha jiwe mlima mzima bure, na bado nikamwambia ndaga fijo, asante sana, mgeni huyo? Mpimieni shamba. Mpimieni pale juu ya chemchemi, maana pale hatuwezi kumweka mtu tusiyemwamini."

Shamsia alilia mbele ya kijiji kizima, wala hakuona haya.