Kilichosikika Nyuma ya Moteri

Mwanangu, asubuhi ile ya Rutshuru bado ninaikumbuka: mume wangu ameinama juu ya jeep yake ya zamani, simu mkononi, na mimi nimekaa ndani na mguu wangu mbovu, ninangoja iwake. Watu walikuwa wanapita barabarani na magodoro kichwani. Ninakueleza haya kwa sababu ninakuona na simu tangu asubuhi hadi jioni, na mimi sina tena subira na simu.

Usidhani niliichukia ile jeep. Nilipokuwa msichana Masisi, mume wangu, huyo Papa Neema, alikuja nayo kunioa. Ilipanda vilima vyetu ikitoa moshi, na wazee wa ukoo wakaacha maneno ya posa wakatoka kwenda kuitazama. Wadogo zangu waliniambia nimeolewa na gari, mwenye gari ni nyongeza tu. Nilicheka nao. Na tangu Neema wetu azaliwe, kila jeep ilipowaka, hata kama hakuna safari, mume wangu aliniita: "Mama Neema, panda." Nilijifanya kukasirika, lakini nilipenda kuitwa.

Uzeeni akapata kundi lake kwenye simu. Wote walikuwa watu wa magari ya zamani, wa Goma, wa Butembo, wa Bukavu, wengine hawajawahi kuonana uso kwa uso. Walifundishana kutengeneza vipande ambavyo haviuzwi tena popote, na katikati ya mafundisho wakaingiza picha za maisha yao: maharage yanayokauka juu ya boneti, bibi harusi kwenye kiti cha nyuma, mjukuu anabatizwa. Tena walikuwa na desturi yao. Jumapili, wakitoka kanisani, kila mmoja aliwasha gari lake, akarekodi sauti ya moteri, akaituma bila maelezo yoyote. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Wenzake wanasikiliza na kutaja ugonjwa: buji za kutoa cheche zimechafuka, petroli haifiki vizuri. Kwa ajili ya salamu hizo Papa Neema alikula chakula kimepoa kila Jumapili, nami nilimsema mpaka nikachoka.

Sasa asubuhi ile risasi zilisikika upande wa vilima, na jeep ikakataa. Alizungusha manivela, kile chuma cha kuwashia kwa mkono, mpaka shati likalowa. Kisha akafanya alivyozoea: akarekodi moteri inavyokohoa, akatuma. Hakusema kwamba vita vimefika. Hakusema kwamba mke wake hawezi kutembea. Katika kundi lile mtu hasemi, anatuma moteri, naye aliamini kwamba watasikia.

Walijibu, tena haraka, maana ni watu wema. Mmoja alimwambia asafishe buji. Papa Kasereka wa Ndosho, pale Goma, ambaye mume wangu alimheshimu kuliko wote, akasema hapana, tatizo ni platini, kile kidude kinachokata na kupitisha umeme wa cheche. Wakabishana. Mwingine akatania, akauliza mzee ana haraka gani mpaka anasalimia siku isiyo Jumapili. Na mume wangu, Mungu amlinde huko aliko, alifungua na kufunga kama walivyomwelekeza. Kila jibu lilimpa tumaini, na wakati huohuo pikipiki zilizopita zilizidi kuwa chache. Nilimwomba tuiache. Alisema bado kidogo.

Mwishowe jirani alisimamisha pikipiki iliyokwisha kubeba mama mwingine. Ilibaki nafasi ya mtu mmoja. Nilimshika Papa Neema shati, nikakataa kumwachia. Alivitoa vidole vyangu polepole.

"Enda, mama. Iko karibu kuwaka. Nitakukuta ku Kibumba."

Nilikaa Kibumba, njiani kuelekea Goma, kando ya barabara mpaka dereva akakataa kungoja zaidi, tukashuka Goma. Sikuwa na simu. Katika kundi lile jina nililolijua mjini ni la Papa Kasereka, basi nikauliza njia Ndosho mpaka nikafika kwake. Nilipomwambia mimi ni mke wa nani, mwanangu, alifurahi. Alifurahi kweli. Akasema jeep imewaka, ilikuwa platini kama alivyosema, akafungua simu nijisikilizie mwenyewe. Chini ya sauti ile kundi zima lilikuwa limeandika pongezi.

Moteri ilikwenda vizuri. Sijawahi kuisikia ikienda vizuri namna ile. Nyuma yake mbuzi wa jirani walilia, mtu alimwita mtoto wake, na risasi zilikuwa karibu kabisa. Halafu, kwa sauti ya chini, kwa mazoea tu, mume wangu akasema, "Mama Neema, panda." Nilikuwa nimeshaondoka.

Nilimwomba Papa Kasereka airudishe mwanzo. Safari hii alisikia. Akakaa kizingitini na simu ikiwa bado inanguruma mkononi.

"Miye nilisikiliza moteri tu, mama. Mutu sikumusikia."

Barabara ikafungwa. Baadaye jirani mmoja alirudi kule, akaukuta uwanja wetu mtupu, hakuna jeep, hakuna mzee. Njiani hakuna aliyemwona. Sijui nimlilie au nimngoje, na nikikuambia ukweli, kutumaini kumenichosha. Sasa ninakaa kwa Neema, mtaa wa Katoyi hapa Goma. Aliniingiza katika kundi lile nilipomwomba. Jumapili moteri zinakuja, moja baada ya nyingine, nami ninasikiliza kilicho nyuma yake. Bado yake haijaja.

Kwa hiyo mwenzako akikutumia moteri, au picha ya maharage, au utani, usikimbilie kujibu kile alichotuma. Muulize kwanza yuko wapi, yuko na nani, na ni nini kinachosikika pale nyuma. Nawe ukiwa na shida, itamke kwa mdomo wako, usingoje watu waikisie. Na pikipiki ikisimama, gari liache, hata kama lilikuoa. Sijui kama maneno haya yatakufaa. Mimi yamenifikia nikiwa nimechelewa.

Mungu akupe mtu wa kukusikiliza, mwanangu. Akufikishe nyumbani kwa unaowapenda. Na siku wakikuita, "Panda," akujalie uwe bado karibu, usikie.