Kibanda cha Mama Gerson

Apolinaria, au Mama Gerson kama tunavyomwita hapa mtaani Cheyo, alichuuza mchele wa Igunga kwa miaka ishirini na sita. Basi likiharibika njiani alishuka akatangulia kwa miguu, na abiria wenzake wakaja kumkuta mbele, amekaa anakula karanga. Alipenda kujigamba kwamba yeye ni kitukuu cha wapagazi, watu waliokwenda pwani na kurudi na mizigo vichwani, kwa hiyo kukaa kitako hakumo katika damu yake.

Mwaka jana kiharusi kikamshika mguu na mkono wa kushoto. Siku moja akajaribu kutoka peke yake, akaanguka getini, akapasuka paji la uso. Tangu hapo mumewe, mzee Raymundi, akalifunga geti kwa kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Simlaumu sana. Mimi ni jirani yao, niliiona ile damu, na nilimwona yeye akitetemeka kuliko mgonjwa. Lakini geti ni geti. Mwanamke wa safari akabaki kuhesabu kuku uani, asubuhi hadi jioni.

Kila siku alimwomba mumewe amfikishe barabarani tu, aone watu wakipita, arudi. Kila siku aliambiwa kesho.

Raymundi ni seremala, na seremala akibanwa kwa maneno hukimbilia mbao. Akaamua kumjengea mkewe kibanda cha bustani. Alisimamisha nguzo nne za mninga, akapanga fito juu ili maua yatambae, kisha akatafuta mabomba ya chuma ya kupambia pande tatu. Aliyajaza mchanga yasibonyee, akayapinda kwa moto polepole, mengine upinde, mengine mawimbi, akayapaka rangi ya fedha. Kazi ya wiki sita. Majirani tulikuja kushangaa, na mimi nilisifu kuliko wote, Mungu anisamehe.

Siku ya kumkalisha humo tulimshika mikono, mimi na Raymundi. Akaketi kwenye benchi, akayatazama mabomba kulia, kushoto na nyuma. Mumewe akaanza kueleza kwamba ile rangi haibabuki.

"Baba Gerson," akamkatiza, "nilikuomba njia, umenipa kivuli."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Raymundi akasema kwa sauti ndogo kwamba anaogopa, kwamba siku ile getini alijihesabu mgane. Mkewe hakubisha. Alinyoosha mkono wa kulia, ule mzima, akashika bomba, akajivuta. Nikataka kumdaka, akanikataza kwa macho. Akasimama. Akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu, mguu wa kushoto ukikokota vumbi, mpaka bomba likaishia kwenye nguzo. Mbele yake palibaki hatua kama kumi na tano za udongo mtupu, kisha geti.

"Haya mabomba yang'oe," akasema. "Uyanyooshe, uyapange kutoka hapa mpaka pale."

Raymundi aliitazama kazi yake ya wiki sita. Akaingia ndani, nikadhani amesusa. Akarudi na msumeno wa chuma, akapiga magoti miguuni pa mkewe, akainamisha kichwa na kuanza kukata. Kamba ya ufunguo ilikuwa wazi kwenye kisogo chake. Mama Gerson akaegemea nguzo, akamvua kamba ile taratibu, na mumewe akaendelea kukata kama mtu asiyehisi kitu.