Nilimpelekea kaka kipimo cha VVU, mistari miwili ikatokea kwangu

Wakuu, salamu kutoka Mbinga, huku baridi imetukalia mpaka mchana tunavaa masweta.

ID hii nimeifungua kwa ajili ya uzi huu tu. Ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi. Majina nimebadilisha kwa sababu watu wa huku wanaingia humu. Atakayenitambua naomba abaki nayo moyoni.

Mimi ni mzaliwa wa ziwani, upande wa Mbamba Bay. Nilipanda Mbinga mjini kutafuta maisha, nauza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, na samaki wakavu sokoni. Mke wangu ni Mmatengo wa Kitura, tuna mtoto mmoja, Neema.

Kaka yangu mkubwa, nimwite Osmund, alibaki nyumbani. Ni fundi wa mitumbwi, mtu wa kanisa, mpole sana. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenisomesha mpaka nilipoishia.

Sasa, msimu wa kahawa uliopita nikaanza kupokea simu. Kaka anakonda. Kaka ameacha kazi, mtumbwi wa mtu umebaki nusu pale ufukweni. Kaka anakunywa maji kama anazima moto, usiku haishi kutoka nje kukojoa.

Nikashuka kumwona. Nilimkuta kwenye mkeka, mabega yametokeza kama henga ya kutundikia nguo. Nilijikaza nisilie mbele ya mama.

Mama alishaamua kwamba mwanawe kachezewa. Walikuwa wamepanga na baba mdogo wampeleke kwa mganga, mwendo wa boti. Watu wa pale kijijini wao walikuwa na jibu lao: kakanyaga miwaya, yaani ana Ukimwi. Mkewe alikuwa amekwenda kwao kuuguza mzazi, basi watu wakasema amekimbia.

Nitasema ukweli, na mimi niliamini ni ngoma. Sikumwambia mtu.

Nikarudi Mbinga, nikaenda kituo cha afya nikaomba vile vipimo vya kujipima mwenyewe, vya kupitisha kwenye fizi. Nesi akanielekeza vizuri. Mstari mmoja, huna maambukizi kwa kipimo hicho. Miwili, usijihukumu, njoo upimwe tena kwa damu, ndipo tutajua. Nikachukua viwili.

Kwa nini viwili? Kwa sababu namjua kaka. Ukimwambia apime peke yake atajua unamshuku. Nikasema nitapima naye, mimi sina wasiwasi, yeye atapata nguvu.

Nikashuka tena nyumbani, na Jumapili baada ya ibada nikajifungia naye chumbani. Nikamweleza. Akauliza kama na mimi nitapima. Nikamwambia tunapima wote. Akasema sawa.

Alikuwa ametoka kunywa uji, na nesi alishasema usipime ukitoka kula, kwa hiyo ikabidi tungoje kwanza. Kungoja kule kulikuwa kugumu. Kuku walikuwa wanaparua nje ya dirisha.

Tukapitisha vile vijiti kwenye fizi, juu na chini, tukavitumbukiza kwenye vichupa vyake. Changu nikakiweka kwenye stuli, cha kaka dirishani, visichanganyike. Kinachotakiwa ni dakika ishirini.

Katikati mama akagonga mlango, akauliza mbona tumejifungia, chakula kinapoa. Kaka akamjibu kwamba tunasali.

Wakuu, sijawahi kumsikia kaka akimdanganya mama. Ndipo nikajua anaogopa kiasi gani.

Muda ulipofika nikaanza na cha dirishani. Mstari mmoja. Nikakigeuzia mwanga, nikatazama tena. Mmoja, umekolea, na pembeni yake peupe.

Nikashusha pumzi. Nikaenda kwenye stuli bila hata haraka.

Miwili.

Nikafikiri nimekosea, labda nimevichanganya. Lakini ni mimi niliyevipanga, na hakuna aliyevigusa.

Hapa ndipo naomba mnielewe. Kaka hakujua kusoma kile kipimo. Karatasi ya maelekezo ilikuwa mkononi mwangu. Yeye ndiye aliyekonda, yeye ndiye aliyesemwa kijiji kizima. Ningemwambia cha stuli ni chake, angekubali, na kila mtu angeamini. Wazo hilo lilinijia na likakaa.

Akauliza, "Changu kipi?"

Sijui ni nguvu gani ilinisukuma. Nikamwambia, "Chako ni kile cha dirishani. Wewe huna. Mwenye nayo ni mimi."

Aliinuka kwenye mkeka, mtu ambaye asubuhi alishikwa mkono kwenda chooni, akaja akakaa karibu yangu kitandani, akanishika shingo kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo. Tukakaa hivyo.

Kisha akasema, "Kesho tunapanda wote Mbinga hospitali. Sikuachi uende peke yako."

Mimi sikutaka kwenda. Mbinga sokoni kila mtu ananijua. Nilimwambia nitakwenda Songea siku nyingine, nijipange. Akasema kama siendi na yeye anapanda boti ya mganga, nichague. Mama alilia, baba mdogo akakasirika, lakini kaka alishasema.

Njiani alikuwa anatapika, na bado ananiuliza mimi kama niko sawa.

Pale hospitali nilitaka kugeuka mlangoni. Kwenye benchi la kliniki ya dawa za VVU alikuwepo mama mmoja mteja wangu, kila wiki ananunua usipa kwangu. Nikainamisha kichwa. Yeye akasogea, akapiga benchi kwa kiganja, akasema, "Kaa hapa, Baba Neema, foleni haichelewi." Basi. Hakuuliza chochote, na mpaka leo sokoni hajawahi kutaja.

Wakapima damu, wakarudia kwa kipimo kingine. Ni kweli ninayo. Mshauri aliongea nami taratibu, akaniuliza niko tayari kuanza lini. Nikamwambia sijui. Akasema naweza kuanza leo leo. Nikatoka na dawa siku ile ile, bila kulipia.

Kaka yeye walimpima sukari. Ilikuwa juu kiasi kwamba walimlaza papo hapo. Daktari akasema tungechelewa kidogo tungemzika. Kisukari, wakuu. Kijiji kizima, na mimi nikiwemo, tulikuwa tunamuua kwa kubuni.

Sasa likabaki la nyumbani.

Nilimkuta mke wangu anageuza kahawa kwenye kichanja cha kuanikia. Nikamwambia hapo hapo, maana ningeingia ndani ningeghairi. Hakupiga kelele. Aliendelea kugeuza kahawa mpaka mwisho wa kichanja, akarudi mpaka mwanzo. Kisha akauliza, "Na mimi je?"

Nikasema sijui.

Siwezi kuueleza usiku ule, na sitaki.

Alipima, hana. Wakamwambia atarudia kupima, wakampa dawa za kinga. Lakini msidhani alinikumbatia. Alimchukua Neema akaenda kwao Kitura. Aliuliza nilipata wapi, na jibu langu kwamba sijui halikumtosha. Halinitoshi hata mimi, ila nimeacha kulichimba.

Aliyemrudisha ni kaka. Alipopata nafuu alikwenda Kitura na fimbo yake, akawasalimia wakwe shikamoo, akaomba kuongea na shemeji yake. Walichoongea hawajaniambia. Mke wangu alirudi wiki iliyofuata, akaweka mfuko wake chini, akaniuliza kama nimekunywa dawa.

Sasa hivi ninavyoandika, kipimo cha mwisho virusi havionekani. Wataalamu wamenieleza kwamba nikiendelea hivi simwambukizi mke wangu. Kaka anajidunga sindano zake, ule mtumbwi ameumaliza na umeshaingia majini. Mama bado anasema kuna mtu alituchezea wote wawili. Tumemwacha.

Nilichojifunza ni kwamba mwili hausomeki kwa macho. Aliyekonda hakuwa nayo, mimi niliyekuwa nabeba magunia ndiye niliyekuwa nayo. Na kile kipimo cha nyumbani ni mwanzo tu, ukiona miwili nenda wakahakikishe, ukiona mmoja na bado unaumwa nenda pia.

Najua kuna mtu anasoma hapa na kipimo amekificha chini ya nguo kabatini, anaogopa kukifungua. Ndugu yangu, tafuta mtu mmoja wa kukaa naye chumbani.

Waliopitia haya, hasa mliolazimika kumwambia mwenza, mlianzaje? Andikeni, nitasoma zote. Wa matusi pia nitawasoma, nimeshazoea.