Kigoda cha Mama

Ninafundisha Kiingereza sekondari hapa Bigwa, na hakuna kitu kinachonichosha kama vile vitenzi vyao vya maneno mawili. Mwaka juzi niliandika ubaoni "take over", nikawauliza kidato cha tatu maana yake. Mmoja akasema ni kupokea zamu, kama mlinzi anavyompokea mwenzake. Mwingine akasema ni kampuni kubwa kuinunua ndogo. Wa nyuma kabisa akasema ni wanajeshi kuingia ikulu, darasa zima likacheka. Nikawaambia wote wamepatia, na hata magugu yakiliteka shamba, Mwingereza anatumia neno hilohilo.

"Sasa madam, tutajuaje ni ipi?"

"Mtaangalia nani kachukua na nani kaachwa," nikawajibu kwa ukali wangu wa kila siku. Nilijiona nimesema la maana sana. Wiki hiyohiyo mama yangu akafariki.

Mama na baba walikuwa wakilima karoti, kabichi na njegere huko juu mlimani, kwenye mteremko ambao ukiteleza unajikuta kwa jirani. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume akioa anaweza kwenda kulima kwa mkewe, na mke akifa, ndugu wa mke wanakuja kuchukua chao. Mtu mwingine yeyote anayelima ardhi isiyo ya ukoo wake hupeleka kikapu kwa mwenye ardhi kila mavuno. Kikipokelewa, analima tena. Kikikataliwa, anafunga mizigo. Mume yeye hapeleki kikapu, maana mwenye ardhi analala naye.

Baba alikaa pale tangu ujana wake. Matofali ya nyumba alifyatua mwenyewe, na mlango wa mbele aliupandisha begani kutoka mjini. Hakuruhusiwa kupanda hata mdalasini mmoja, kwa sababu mgeni akipanda mti kesho atadai ardhi. Basi alipanda mboga tu, na hakuwahi kulalamika.

Siku ya kuanua matanga, baada ya misa, wajomba walikaa uani. Mjomba mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akatamka kwamba mrithi wa mama ni mimi, binti yake pekee. Nitakalia kigoda chake na nitaitwa kwa jina lake. Halafu akamgeukia baba.

"Shemeji, tunakushukuru kwa yote. Ukishavuna njegere, nenda kwenu."

Kwao! Kwao ni upande wa pili wa mlima, ambako watoto wa dada zake walishagawana kila kipande zamani. Mzee ambaye akiinuka anashika ukuta. Na yeye baba, eti, akaitikia kwa kichwa!

"Ala! Mjomba, kwao wapi?" Mdomo wangu hauna breki. "Huyu ndiye aliyekuwa akimwogesha dada yenu kitandani. Nyie mlikuwa wapi?"

Mama mdogo akanivuta kanga. "We mtoto, hebu nyamaza. Utatuaibisha."

Sikunyamaza. Nilisema kama baba anaondoka, kigoda wakikalie wenyewe. Hapo wakashtuka. Marehemu asiporithiwa, jina lake linabaki halina mtu, na hilo ukoo mzima unaliogopa. Wajomba wakaenda nyuma ya nyumba kuteta. Waliporudi, mjomba mkubwa alikuwa amenuna.

"Haya. Ukikalia kigoda, shamba liko mkononi mwako. Nani akae, nani asikae, utasema wewe."

Nilikuwa nataka hilo tu. Nikakaa. Wakanifunika kanga ya mama, bado inanuka moshi wa jikoni kwake, nikalia kama mtoto. Wakanipa jembe lake. Nikafuta machozi, nikatangaza mbele ya wote kwamba baba anabaki. Kina mama wakapiga vigelegele. Baba alikuwa anaangalia miguu yake.

Nikateremka Bigwa kifua mbele. Kwenye simu kila nikimuuliza baba hali, ananijibu hajambo, hana neno.

Shule zilipofungwa nikapanda mlimani. Njegere zilikuwa zimeshavunwa. Mlango wa nyumba ulikuwa na kufuli, na baba nikamkuta kwenye banda la jiko, kitanda chake cha kamba kando ya mafiga.

"Jamani baba! Huku unafanya nini?"

"Mwenye nyumba hakuwepo," akasema, akanipa ufunguo.

"Si nyumba yako hii? Si nilisema unabaki?"

"Ya mama yako. Sasa ni yako." Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. "Taratibu za watu nazijua tangu hujazaliwa. Usinifundishe."

Nilimsihi, nikagomba, nikatupa begi chini. Wapi! Akaendelea kuchochea moto, akanikaribisha uji.

Asubuhi yake nikasikia hodi. Nikafungua. Baba alikuwa amesimama nje, amevaa shati lake la kanisani, kofia ameivua. Mbele ya miguu yake kulikuwa na kikapu cha njegere.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Aliniita kwa jina la mama, jina nililopewa uani siku ile, akainamisha kichwa.

"Nimeleta cha mwenye ardhi," akasema. "Naomba msimu mwingine."

Nilitaka kukipiga teke kile kikapu. Nilitaka kumwambia, baba, rudisha njegere zako, ingia ndani kwako. Lakini nikikikataa, baba angefunga mizigo siku hiyohiyo. Nikainama, nikakipokea kwa mikono miwili.