Dawa Chini ya Turubai

Mwanamisi, ambaye sote tunamwita Mama Safa, hushona midomo ya magunia ya ndengu katika stoo moja ya soko la Zombe. Ni mtu wa maswali, na yanachosha kweli. Mashine ya kupepeta ikibadilisha mlio, lazima aulize. Chege, mwenye stoo, humjibu, "Mama, wewe shika sindano." Mimi mbebaji nilikuwa namwambia atatufukuzisha.

Jua la Zombe saa saba halina huruma. Kwa hivyo sisi wabebaji tukishakula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, tulijilaza juu ya magunia, chini ya turubai, kwa sababu huko kuna ubaridi. Chege alijua. Alikuwa akipita anaona miguu yetu imetokeza.

Jumatatu moja Mama Safa aliingia akakunja pua. "Mbona kunanuka kitunguu saumu?" Hakuna aliyejua. Turubai lilikuwa limekandamizwa kwa mchanga pande zote, nasi tukadhani ni kwa sababu ya upepo. Tulipomaliza kula akatuangalia mmoja mmoja. "Mulinge yuko wapi?"

Alikimbilia kwenye turubai kabla hatujajibu. Mulinge, mbebaji mwenzetu, alikuwa ameinua pembe ya turubai akaingia kulala kama kawaida. Tulimvuta kwa miguu. Alikuwa anatapika, midomo imegeuka rangi.

Hospitalini daktari aliuliza neno moja tu: amevuta dawa gani? Sisi hatukujua dawa yoyote. Simu ya Chege haikushikwa. Mama Safa akapanda boda kumfuata nyumbani, nami nikabaki nimeshika mkono wa Mulinge, baridi kama maji ya mtungi, naomba Mungu asimchukue.

Walirudi pamoja, Chege ameshika mkebe wa dawa. Daktari akasoma, akaita wenzake, akatutoa nje. Akasema tungoje mpaka kesho ndipo ajue kama atapona.

Kwenye veranda Chege alikuwa anatokwa jasho. "Ni vidonge vya kuua wadudu wa ndengu, vinatoa hewa ya sumu, ndiyo maana turubai lilifungwa kwa mchanga," akasema. "Sasa Mama Safa, ningewaambia, nani angekuja kazi?"

"Mimi," Mama Safa akasema. "Na huyu," akaninyooshea kidole, "na wengine wote. Mulinge pia angekuja, halafu angelala nje."

Ndani Mulinge akaanza kukohoa, na sote tukasogea mlangoni kumsikiliza.