Ukuta wa Ghala na Bibi Aliyekataa Kuwa Mdogo

Siku ya kwanza kazini sikupewa brashi. Nilipewa ndoo ya chokaa na ukuta wa choo cha ofisi, pale Kilosa mjini, nikaambiwa nipake. Nilikuwa msichana wa Berega, mtoto wa shule ya misheni, nimevaa gauni la kanisani kwa kudhani wachoraji wa serikali hukaa mezani. Jioni mama mwenye nyumba niliyopanga alilitazama gauni lililojaa chokaa, akaniuliza nimegombana na nani.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Utamaduni wa wilaya. Watu hawakumwita jina, kama vile Bwana Shamba na Bwana Afya nao hawakuitwa majina. Alikuwa mwembamba, nadhifu, amesomea uchoraji chuoni, na mkali kwelikweli.

"Binti," aliniambia, "asiyejua kupaka chokaa asinipe habari za kuchora."

Alikuwa na haki. Ninyi vijana mnafungua kopo la rangi mnaanza. Sisi tuliujua kwanza ukuta. Ukuta wa udongo hunywa rangi kama mlevi. Usipoupaka chokaa mara mbili, masika yakiingia picha inabanduka. Kisha tulipiga viboksi. Picha ndogo ya karatasini inagawanywa viboksi, na ukuta nao vilevile, kwa uzi uliopakwa unga wa mkaa: unauvuta, unauachia, mstari umenyooka. Rangi zilikuwa za kuhangaikia. Nyekundu tulichimba, nyeusi tulitoa jikoni, bluu tuliisubiri ije na treni. Ilipochelewa, mbingu za wilaya nzima zilikuwa za kijivu.

Nilikuwa bado kwenye majaribio nilipopewa ukuta wangu wa kwanza: ghala jipya la kijiji cha ujamaa, njia ya Chanzuru. Nilitakiwa kuchora wanakijiji wakilima shamba la pamoja, na mgeni wa kutoka mkoani angekuja kulifungua ghala. Bwana Utamaduni hakuzungusha maneno.

"Ukuta huu ukikubalika, una ajira. Usipokubalika, rudi Berega ukafundishe watoto kuimba."

Anayeijua sauti yangu anajua hiyo ilikuwa adhabu kwa watoto. Lakini mimi sikucheka. Kazi ile nilikwisha kuipenda, na niliogopa sana kuikosa.

Nikachora kama nilivyofundishwa. Kanuni kuu ilikuwa ya umbali: cha karibu ni kikubwa, cha mbali ni kidogo. Mwenyekiti wa kijiji nikamweka mbele, kofia kichwani, jembe begani, mkubwa kama mlango, na mbuzi wake pembeni. Nyuma yake watu wakapungua, wakapungua, hadi mwisho wa shamba. Mwenyekiti alipita kila asubuhi kujitazama.

Picha ilipokaribia kwisha akaja Bibi Chausiku, mjane aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge, ambaye vijana wengi hawakumfikia kwa jembe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kile kisiki pale juu ni nini?"

"Ni wewe, bibi."

Akausogelea ukuta. "Mimi? Mbona hata mbuzi wa mwenyekiti ananizidi?"

"Ulikuwa mbali, bibi. Mtu wa mbali huonekana mdogo."

"Mbali na nani?" aliuliza. "Mimi nilikuwa kwenye tuta langu. Aliyekuwa mbali ni yeye."

Kufikia jioni wote niliowachora nyuma walikuwa wamekuja kujipima kwa vidole, na wakasema basi ghala lijazwe na hao wakubwa wa mbele.

Kulipokucha nilichukua ndoo ya chokaa nikafuta picha nzima. Nikaanza upya, safu juu ya safu, kila mtu kimo kimoja, kila mtu na jembe lake. Mwenyekiti alipopita alisimama ghafla.

"Binti, umenifanya nini?"

"Nimekuweka na wenzako, mzee."

Akaondoka bila kuaga. Nilijua nimeitia kazi yangu rehani, lakini niliendelea kupaka.

Siku ya ufunguzi Bwana Utamaduni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Umbali uko wapi?" alininong'oneza.

"Nimeutoa, mkubwa."

"Basi na wewe umejitoa."

Mgeni akaukagua ukuta kwa muda mrefu, kisha akageuka. "Mwenyekiti ni yupi hapa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Bibi Chausiku akajibu kutoka upande wa akina mama: "Mtafute, baba. Hata sisi tunamjulia kofia."

Watu wakaangua kicheko. Mgeni naye alicheka hadi akauegemea ukuta, na koti lake likaondoka na jembe la mtu, maana rangi ilikuwa haijakauka. Mwenyekiti mwenyewe alishindwa kununa. Akaja akasimama kando ya picha yake, akavaa kofia vizuri.

Tulipoingia mjini, Bwana Utamaduni alinigeukia. "Kesho kuna ghala jingine," alisema. "Chora vilevile. Ila usiwaambie nilikufundisha mimi."

Baadaye nilihamishiwa Mikumi, kwenye duka la sanaa kando ya barabara kuu. Meneja wa duka aliilalamikia picha yangu moja: "Tembo gani huyu, kimo kimoja na muuza karanga?" Nikamwambia hata muuza karanga ana siku yake. Wasafiri waliipenda picha ile, na nyingine kama hiyo zimevuka bahari. Siku hizi wasomi huandika kwamba mimi ni wa sanaa ya kisasa ya Kiafrika, eti niliikataa kanuni ya umbali ya Wazungu. Nasoma nacheka. Mimi niliambiwa na bibi mmoja, nikasikia.

Nilipostaafu nilikwenda kuliona ghala. Paa halipo, mvua imeula ukuta, picha imekwisha. Nilihuzunika, siwafichi. Mwanamke mmoja aliacha kupalilia akanifuata, akaniamkia, na nilipomwambia ndimi niliyeuchora ukuta, akasema yeye ni mjukuu wa Bibi Chausiku. Akaweka kiganja kwenye udongo mtupu, usawa wa kichwa chake.

"Bibi alikuwa hapa, mama. Mkubwa hivi."

"Na mwenyekiti alikuwa wapi?"

Akautazama ukuta, akafikiri.

"Huyo simjui, mama. Alikuwa mmoja wao."